Namba na Mwenye Namba: Adhabu ya Chombo Kisichosajiliwa Kati ya Kilosa na Mikumi

Mmeniita hapa Mikumi nizungumzie adhabu za kuendesha chombo cha moto ambacho hakijasajiliwa. Nimefurahi kuitwa, maana jambo hili husemwa sana vijiweni na njiani, tena kwa hasira, lakini ni mara chache watu hukaa chini wakasikilizana.

Kila ninapolitaja, swali la kwanza huwa moja: faini ni shilingi ngapi? Acha nilijibu kabisa ili tuendelee. Kwa makosa ya barabarani ambayo askari wa usalama barabarani huyaandika papo hapo, gari hutozwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Pikipiki na bajaji nazo zilikuwa zikitozwa hizo hizo 30,000, hadi Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alipopendekeza katika hotuba ya bajeti ya Juni 2021 zishuke hadi 10,000, na Bunge likapitisha. Lilikuwa jambo la haki. Kijana anayebeba abiria mmoja kutoka stendi kwenda hospitali hawezi kupimwa kwa mizani moja na lori la tani 30.

Basi kijana akisikia 10,000, anaanza kupiga hesabu. Katika bajeti ya mwaka 2016/17 ada ya kusajili pikipiki ilipandishwa kutoka 45,000 hadi 95,000. Anajiambia: nikiandikiwa mara moja moja, bado nimeokoa. Nimewasikia wengi wakisema hivyo, wengine wakiwa watu wazima wenye familia. Hesabu hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, kuandikiwa leo hakukupi kibali cha kutembea kesho. Ukikutana na askari mwingine mbele, kosa lipo palepale, na linaandikwa upya. Usipolipa ndani ya muda uliowekwa, deni linakua. Pili, na hii ndiyo kubwa zaidi, faini ya papo hapo ni njia ya mkato tu kwa anayekiri kosa. Nyuma yake ipo mahakama, na nyuma ya mahakama yapo mambo mengine ambayo hayamo kabisa kwenye ile karatasi ya askari. Nitayafikia.

Tuanze na barabara yenyewe, kwa sababu ninyi mnaishi juu ya barabara ambayo Watanzania wengi huipita wakiwa usingizini ndani ya basi. Hifadhi ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964. Mwaka uliofuata, Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikakatiwa njia yake ya kusini. Mafuta ya Zambia yakaanza kupita huku kwetu, kwa malori, usiku na mchana, masika na kiangazi, katika barabara ambayo wakati huo ilikuwa vumbi na matope. Wazee waliopo hapa wanayakumbuka malori yale. Sheria ya Usalama Barabarani tunayoitumia mpaka leo, Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973, katika zama hizo za malori na mabasi, wakati chombo cha moto kilikuwa mali ya serikali, ya shirika, ya misheni, au ya mfanyabiashara ambaye mji mzima ulimjua. Mara nyingi jina la mwenye mali lilikuwa limeandikwa mlangoni. Ukigongwa, ulijua uende mlango wa nani.

Pikipiki ya abiria imekuja juzi. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zimetoka mwaka 2010. Kabla ya hapo bodaboda ilikuwepo, lakini haikuwa na mahali katika sheria. Kwa hiyo tuna sheria iliyozaliwa ikimwona mwenye lori, na sasa inamkuta kijana wa miaka 22 juu ya pikipiki ambayo si yake, ambayo kadi yake hajawahi kuiona, na ambayo jioni lazima aipelekee hesabu yake mtu aliye Morogoro au Dar es Salaam. Yeye ndiye anayesimamishwa, na yeye ndiye anayeandikiwa.

Ninachokuja kuwaambia leo ni hiki. Namba ya usajili iliwekwa kwa ajili ya mtu aliye kando ya barabara, yule ambaye hana chombo. Na kwa kuwa iliwekwa kwa ajili yake, adhabu ya kukosa namba imfikie kwanza mwenye chombo, aliye na uwezo wa kukisajili, kabla ya kumfikia aliyekabidhiwa ufunguo.

Nawaomba mniruhusu niende taratibu hapa, kwa sababu wengi huamini namba ni mambo ya kodi. Imani hiyo ina sababu. Anayesajili magari Tanzania Bara ni Mamlaka ya Mapato, TRA, na sheria ya ushuru wa usajili na uhamisho wa umiliki wa magari, Sura ya 124, ni sheria ya kodi. Miaka mingi wenye magari walilipa pia ada ya leseni kila mwaka, na madeni yakawa yanarundikana hadi kwenye magari mabovu yaliyolala chini ya miembe. Lakini mwaka 2017 Dk. Philip Mpango, akiwa Waziri wa Fedha, aliifuta ada ile ya kila mwaka na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita. Fikirini maana yake. Tangu mwaka ule, kila anayetia petroli analipa ushuru uliochukua nafasi ya ada ile, awe na namba asiwe na namba. Pikipiki isiyosajiliwa inayobeba mkaa usiku kutoka porini inalipa ushuru ule ule kwa lita kama pikipiki ya mwalimu mkuu. Baada ya ada ya mara moja ya usajili, serikali haipati fedha ya kila mwaka kutoka kwenye kile kibao. Kama suala lingekuwa fedha tu, kibao kingekwisha umuhimu wake siku ile. Kilichobaki ni kazi yake ya asili: kuwawezesha watu kusema chombo hiki ni cha nani.

Nendeni mkaiangalie pikipiki kwa karibu. Chini ya usukani, pale shingo ya fremu inaposhika uma wa mbele, pana namba zimegongwa kwenye chuma. Mara nyingi zimefunikwa na udongo mwekundu uliochanganyika na grisi; inabidi ufute kwa kidole gumba au kitambaa chenye petroli ndipo zisomeke. Hiyo ndiyo namba ya chesisi. Ubavuni mwa injini pana namba nyingine. Kadi ya TRA inazibeba zote mbili, pamoja na jina la mwenye chombo, rangi, mwaka wa kutengenezwa, na namba ya usajili inayoanza na herufi MC. Kibao cha nyuma, cha njano kwa chombo binafsi na cheupe kwa cha biashara, ni mlango tu wa kuingilia kwenye kadi hiyo. Ukikinakili kibao, umeshika jina. Ndiyo sababu mnunuzi makini hulinganisha namba hizo moja moja kabla ya kutoa hata shilingi. Tarakimu moja ikipishana, au chuma kikionekana kimesuguliwa na kugongwa upya, acha pikipiki hapo hapo na uondoke.

Sasa mtu amegongwa. Tuseme mama aliyekuwa akitembea pembeni akitoka gulioni, jioni, kwenye ile barabara ya kwenda Kilosa ambako vumbi likitimka huoni hatua kumi. Anapelekwa kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3, kisha hospitali ya Mtakatifu Kizito. Polisi wanaanza kuandika. Wanauliza namba ya pikipiki. Namba ikiwepo, mambo yafuatayo yanawezekana: anajulikana mwenye chombo, inajulikana kampuni iliyokatia bima, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inaanza kufanya kazi, ile bima ndogo ya mtu wa tatu ambayo kila chombo barabarani lazima kiwe nayo. Mama akishinda shauri, bima inabeba. Hata bila bima, mwenye chombo anaweza kushtakiwa kwa madai ikiwa aliyeendesha alikuwa akimfanyia kazi. Sheria ya ukomo inampa mama miaka mitatu ya kufungua shauri la aina hiyo.

Namba isipokuwepo, mlolongo huo wote hauanzi. Chombo kisichosajiliwa hakiwezi kukatiwa bima halali. Dereva akikimbia, ameondoka na ushahidi wote. Akikamatwa, mara nyingi hana kitu cha kumlipa mtu. Anaweza kufungwa, na mama atabaki na mguu wake uliovunjika na gharama za kwenda Muhimbili. Hapo ndipo ninaposema namba ni ya mama yule.

Mnaijua hifadhi ya Mikumi kuliko mimi. Njia kuu inapita katikati yake kwa kilomita zipatazo 50, na pembeni mmeviona vibao vya alama za mwendo, na vingine vinavyoorodhesha faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Pundamilia ana kiwango chake, twiga ana chake. Ninaunga mkono vibao vile kwa moyo wote. Wanyama wale ni urithi wetu na wanauawa ovyo. Lakini mtu wa Mikumi anayegongwa upande wa pili wa geti hana kibao chenye kiwango chake. Alichonacho ni namba iliyo nyuma ya chombo kilichomgonga, basi. Ikikosekana, hana chochote.

Turudi kwenye adhabu zenyewe. Nimesema faini ya papo hapo ni njia ya mkato. Sura ya 168 inataka chombo kisajiliwe kabla ya kuingia barabarani, na haimtazami dereva peke yake. Inamgusa pia anayeruhusu chombo kitumike. Sura ya 169 kuhusu bima inasema hivyo hivyo kwa uwazi: anayetumia na anayeruhusu mwingine atumie, wote wamo. Kwa hiyo anayetembeza chombo bila usajili kwa kawaida amebeba makosa mawili kwa pamoja, na tajiri aliyempa ufunguo amebeba yake. Askari akiamua kulipeleka jambo mahakamani badala ya kuandika, adhabu inaamuliwa na hakimu, na faini ya mahakama au kifungo haina uhusiano na zile 10,000.

Yapo mazito zaidi. Pikipiki iliyovushwa mpakani bila kulipiwa ushuru inaangukia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na huko chombo chenyewe hutaifishwa. Kibao cha namba kilichotolewa kwenye pikipiki moja kikafungwa kwenye nyingine ni udanganyifu na kughushi. Hilo halimalizwi kwa karatasi ya njiani. Na chombo kisicho na karatasi yoyote kinaweza kumfikisha aliyekishika kwenye kifungu cha 312 cha Kanuni ya Adhabu, cha kupatikana na mali inayoshukiwa kuwa ya wizi. Kijana anaondoka nyumbani akiwa dereva wa bodaboda, jioni anaitwa mtuhumiwa wa wizi, kwa pikipiki aliyopewa na mtu kwa maneno matupu. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inasema asitendewe kama mwenye kosa hadi lithibitishwe. Lakini atalijibu shtaka akiwa hana kadi, hana mkataba, na simu ya tajiri haipatikani.

Halafu kuna adhabu ambayo haijaandikwa katika sheria yoyote kama adhabu, na kwa maoni yangu ndiyo inayouma kuliko zote: uwanja wa kituo cha polisi. Katika vituo vingi nchini utazikuta pikipiki zimepangwa ukutani, zimeegemezana. Viti vimepasuka kwa jua, sponji la njano limetoka nje. Tairi zimekaa chini, nyasi zimepita katikati ya spoki. Betri hazipo. Nyingine kibao chake kimefungwa kwa waya, nyingine hakina kitu. Kila moja ya hizo ilikuwa inalisha watu wanne au watano. Kangi Lugola alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani aliwaagiza polisi kwamba pikipiki za kukaa kituoni ni za aina tatu tu: zilizohusika katika uhalifu, zilizohusika katika ajali, na zilizopatikana bila mwenyewe. Agizo lile lilikuwa jema. Lakini tazameni kundi la tatu. Pikipiki isiyosajiliwa inathibitishwaje kuwa ina mwenyewe? Kijana anasema ni yangu, tajiri anasema ni yangu, aliyeibiwa pikipiki ya rangi ile ile mwezi uliopita naye anasema ni yangu. Kukosa usajili kunakiweka chombo moja kwa moja kwenye fungu la vitu visivyo na mwenyewe, hata kama kimenunuliwa kwa jasho halali.

Nani hasa anatembea bila namba huku kwetu? Pikipiki mpya kabisa bila usajili zimepungua, kwa sababu wauzaji wengi siku hizi wanakamilisha usajili dukani, mnunuzi akileta namba yake ya mlipakodi, TIN. Zinazobaki ni za kuungaunga: fremu ya huku, injini ya kule, kadi haipo. Zipo zilizong'olewa kibao makusudi kwa ajili ya kazi za usiku. Kubeba mkaa ni mojawapo, na inasikitisha, kwa sababu vijiji vya wilaya hii ya Kilosa vilianza tangu 2012 kuonyesha nchi nzima kwamba mkaa unaweza kuvunwa kwa mpango na kwa kibali, kijiji kikapata mapato yake na msitu ukabaki. Anayepita usiku bila namba anaiba kwa wenzake waliokubali utaratibu.

Wapo pia wenye matrekta. Hapa najua ninagusa watu wazito. Msimu wa kuvuna miwa ukifika, kwenye mashamba ya Kidodi na Ruhembe na kule Mbigiri, trekta zinatoka shambani na kuingia barabara ya umma, zinavuta tela moja au mbili. Ndani ya shamba lako hakuna anayekuuliza. Tairi likikanyaga barabara ya umma, umekuwa mtumiaji wa barabara kama mwenye basi. Na tela ni chombo kinachojitegemea katika usajili. Ina namba yake, tofauti na ya trekta. Tela isiyo na namba, isiyo na taa wala kiakisi mwanga, ikiharibika usiku kwenye kona, inaua. Bado sijamsikia kijana wa bodaboda akilalamika kwamba trekta haikusimamishwa siku ile alipoandikiwa yeye, lakini angekuwa na haki ya kulalamika.

Kundi kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni lile ambalo kisheria limesajiliwa. Kibao kipo, kadi ipo, ila jina lililo kwenye kadi si la mwenye chombo. Pikipiki ilinunuliwa Morogoro mjini na mtu wa kwanza, akamuuzia wa pili kwa karatasi ya daftari, wa pili akaitoa kwa mkataba kwa kijana wa Ulaya, hapa wilayani Kilosa, kijana akamaliza mkataba, akaambiwa kadi utaletewa. Hajaletewa hadi leo. Ukiuliza TRA chombo ni cha nani, unatajiwa mtu ambaye hajaiona pikipiki hiyo kwa miaka. Kwa yule mama aliyegongwa, hiyo ina tofauti gani na kukosa namba? Ndogo sana.

Na wenye kadi, nisikilizeni kwa masikio mawili. Kama uliuza chombo na hukuhamisha umiliki, mbele ya sheria bado ni chako. Kikiua mtu, wewe ndiye utakayetafutwa. Kikibeba nyara za serikali kutoka hifadhini, jina litakaloitwa kwanza ni lako. Gharama ya kuhamisha umiliki ni ndogo mno ukiilinganisha na kuhangaika na wakili kwa kosa la mtu usiyemjua.

Kurekebisha hali hii nako kuna njia yake, na majirani zetu Kenya walijifunza hilo kwa uchungu. Machi 2022, baada ya waendesha bodaboda kumshambulia na kumdhalilisha dereva mwanamke jijini Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako wa nchi nzima na usajili upya wa bodaboda wote. Siku chache baadaye msako ulisimamishwa, baada ya vijana wengi kunyang'anywa vyombo, wakiwemo wengi wasio na kosa. Usajili ukifanywa kwa msako, anayelipa ni mnyonge aliye karibu na askari. Usajili unataka kufanywa siku ya kununua, siku ya kuuza, na siku ya kukabidhi ufunguo. Siku hizo mwenye mali yupo, fedha ipo mezani, na hakuna aliye na haraka.

Kwa sababu hiyo nina maombi kwa kila upande.

Kwa Jeshi la Polisi ninaomba jambo moja: karatasi ya kosa la kukosa usajili iandikwe pia kwa jina la aliyeruhusu chombo kitoke. Sheria inaruhusu kumshtaki. Kijana akitoa namba ya simu ya tajiri wake, tajiri aitwe aje kituoni na risiti ya kununulia. Siku matajiri kadhaa wa Morogoro watakapopanda basi kuja Mikumi kujibu, pikipiki nyingi zitapata namba kabla ya masika. Kumwandikia kijana peke yake hakujasajili pikipiki yoyote, maana hata akitaka kuisajili hawezi. Si yake, na karatasi za kununulia hana.

Kwa serikali za vijiji na kata: mkataba wa pikipiki uandikwe mbele ya mtendaji. Kuna mambo ambayo hayapaswi kukosekana humo: namba ya chesisi na ya injini, namba ya usajili, jina kamili la mwenye kadi, kiasi cha hesabu na muda wa mkataba, nani anakata bima, nani analipa faini ya kosa gani, na siku ambayo kadi itakabidhiwa na umiliki kuhamishwa. Faini ya mwendo kasi au ya kukosa kofia ngumu ibebwe na dereva. Hayo ni makosa ya mikono yake. Faini ya kukosa usajili au bima ibebwe na mwenye chombo. Mkiandika hivyo tu, nusu ya ugomvi unaofika ofisini kwenu utakwisha.

Kwa vijiwe: kila kijiwe kiwe na daftari, na asipangwe foleni mtu ambaye chombo chake hakimo. Abiria anayepanda saa tano usiku aweze kuulizia kesho yake. Viongozi wa vijiwe vya Kilosa mjini mtakuwa na kazi kubwa zaidi, maana tangu treni ya kisasa ianze safari zake hadi Dodoma mwaka 2024, kituo cha Kilosa kimewaletea abiria wageni wanaoshuka na mizigo bila kujua nani ni nani.

Na wewe kijana unayesimamishwa: simama. Kukimbia na pikipiki isiyo na namba ndiko kunakomfanya askari aamini ni ya wizi, na ndiko kunakowaua abiria. Uliza kosa linaloandikwa, lisome. Usitoe fedha mkononi. Faini hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, na risiti unabaki nayo. Kama hukubaliani na kosa, unayo haki ya kukataa kulipa papo hapo na kwenda kujieleza mahakamani, na kwa hilo usitishwe na mtu. Kama chombo kinachukuliwa, omba maandishi yanayoeleza sababu na hali yake kilipoingia: betri ipo, vioo vipo, mafuta kiasi gani.

Mmoja wenu ameniandikia swali kabla sijaanza, na sitaki kuondoka bila kulijibu. Anauliza kuhusu pikipiki ya marehemu. Mume amefariki, kadi ina jina lake, mjane ameikabidhi kwa mdogo wa marehemu aendelee kuiendesha ili watoto wale. Je, ni chombo kisichosajiliwa? Hapana, kimesajiliwa; lakini hakuna aliye hai mwenye mamlaka juu yake hadi msimamizi wa mirathi ateuliwe. Kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari na kumpendekeza msimamizi, mpate cheti cha kifo, mwende Mahakama ya Mwanzo. Mjane anaweza kuwa msimamizi mwenyewe, asiambiwe kwamba lazima awe shemeji. Akishateuliwa, anakwenda TRA na barua ya uteuzi, kadi ya zamani na vitambulisho, na umiliki unahamia kwa mrithi aliyekubaliwa. Katika kipindi cha kusubiri, bima iangaliwe isipite muda wake, na huyo kijana anayeiendesha atembee na nakala za karatasi zote hizo mfukoni, akiwa ameandikiana na shemeji yake hesabu ya kila wiki ambayo watoto wa marehemu wanapaswa kuipata.